Mzee wa Miadi na Mtondogoo

Sauti yake niliijua miaka miwili mizima kabla ya kuiona sura yake. Kila asubuhi ya siku ya kazi, saa mbili na nusu, ilitoka kwenye redio ya upepo iliyokaa juu ya kabati la dawa katika zahanati yetu ya Kibakwe. Ilikohoa kwanza, kisha ikasema, "Kibakwe, Kibakwe, hapa Dodoma, mnanipata?" Mimi wakati huo nilikuwa msaidizi wa muuguzi, msichana tu, na redio ndiyo iliyokuwa dhamana yangu. Nilikuwa nawaacha akina mama kwenye mizani na watoto wao, nakimbia, naishika maiki kwa mikono miwili.

"Nakupata, mzee, ova."

"Salamu kwanza, binti Kibakwe, ova."

"Shikamoo mzee, ova."

"Marahaba. Umeamkaje, ova?"

Akimalizana nami alihamia Busi, naye yule kaka wa Busi aamkie. Kisha kituo cha Bahi. Sote tulisikilizana, maana hewa ilikuwa moja, na hakuna aliyeruhusiwa kutaja mgonjwa kabla salamu hazijazunguka. Betri yetu ilikuwa ya gari, ikichajiwa na kipande cha sola kilichopasuka pembeni, na mganga wetu alikuwa ananung'unika, "Huyo mzee wako ataimaliza betri kwa shikamoo." Mzee mwenyewe hakujali. Alisema mtu ambaye hamjasalimiana huwezi kumpa miadi, kwa sababu hujui kaamka na lipi.

Watu wote walimwita Mzee wa Miadi. Jina lake nililiona mara moja kwenye orodha ya semina, nikashangaa kwamba analo. Alikotoka sikukujua. Wengine walisema Pangani, wengine Ujiji, na yeye akiulizwa alijibu, "Natoka nyumbani, nimekuja kazini." Basi, ukitaka ukoo wake kaulize kwingine.

Alikuwa karani wa kliniki ya viungo mjini Dodoma: chumba kimoja, vitanda viwili, na fizio mmoja tu, mama wa Kichaga mwenye mikono mikubwa na roho ya upole. Huyo mama fizio ndiye aliyenyoosha miguu ya watoto, aliyefundisha waliopooza kushika kijiko, aliyetembeza waliovunjika nyonga. Siku nyingine alikuwa mjini, nyingine Busi, nyingine Bahi, nyingine kwetu milimani, akizunguka na Landrova iliyokuwa mzima wiki moja na mgonjwa wiki mbili. Kazi ya Mzee wa Miadi ilikuwa kuhakikisha kwamba mikono ile miwili na mgonjwa wanakutana mahali pamoja, siku moja, saa moja. Ukilisema hivyo linaonekana jepesi. Jaribu.

Kabla ya hapo alikuwa mpanga ratiba wa shirika moja la mabasi la umma, ambalo lilikufa miaka ile mashirika yalipokufa kama kuku wa kideri. Akapunguzwa kazi pamoja na wenzake. Alikuwa anasema, bila hata kucheka, kwamba kwa miaka kumi na mmoja aliandika ratiba nzuri kuliko zote nchini na hakuna basi hata moja lililoifuata. Nadhani ndiyo maana aliishika kazi ya kliniki kwa meno. Mara hii, alisema, ratiba yake ina miguu.

Na kweli alijua kupanga. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila mwenye uwezo alikuwa amenunua lori, na malori yalifuata minada. Mzee alikuwa na daftari kubwa la kaunta, na mle ndani hakuandika tarehe tu. Aliandika mnada wa wapi, lori la nani, dereva ana tabia gani. "Wa vitunguu ana huruma, anambeba mwenye magongo mbele. Wa ng'ombe usimpe mgonjwa, analewa." Mwanakijiji wa Busi ambaye hakuwahi kuiona kalenda alikuwa anapewa miadi ya siku baada ya mnada, na anafika. Madaktari wa mjini walikuwa wanatoa tarehe kumi na nne saa tatu kamili, wanakaa peke yao wanasoma gazeti.

Alikuwa na ugomvi mkubwa na neno moja: hakufika. Fomu za kliniki zilikuwa na safu ya mahudhurio, na makarani wengine, mgonjwa asipoonekana, waliandika "hakufika" wakafunga daftari. Yeye alilikata kila alipoliona, akaandika juu yake "hakufikiwa". Kisha pembeni sababu: mto, msiba, lori, palizi, mume. "Mgonjwa hachelewi, binti Kibakwe," aliniambia. "Mgonjwa hucheleweshwa. Kazi yetu ni kujua na nani, ova."

Lakini yeye mwenyewe! Alikuwa mchelewaji ambaye sijapata kuona mfano wake. Harusi ya mama fizio alifika watu wanakunja viti. Chakula cha mchana alikula saa kumi. Tena alikuwa anapanga safari za watu wenye miguu mibovu kwenye barabara ambazo hakuwahi kuzikanyaga, kwa kuwa aliogopa kona za milimani, eti zinamgeuza tumbo. Kibakwe aliijua kwa kuhadithiwa tu. Aliwahi kuniuliza kama ni kweli kwamba kwetu mtu akidondosha kiazi anakiokotea bondeni.

Kila Jumatano kulikuwa na mazoezi ya hewani. Wiki ambazo Landrova ilikuwa imelala, mama fizio alikaa Dodoma mbele ya maiki, sisi huku tukatandika mkeka chini ya kabati la dawa, akina mama wakalaza watoto wao, na sauti ikaja kutoka juu: "Shika kisigino. Vuta mbele taratibu. Hesabu mpaka kumi. Achia." Mzee alishika saa. Robo saa Kibakwe, robo saa Busi, robo saa Bahi, na ole wako upitilize. Siku moja katikati ya zoezi la mgongo ikaingia sauti nzito ya mwanamume tusiyemjua, wakala wa malori huko Mpwapwa aliyekuwa ameteleza kwenye mkondo wetu, akisema, "Samahani, mama, na mgongo wangu unaniuma, nao niukunje hivyohivyo?" Kisha Mzee wa Miadi: "Salamu kwanza." Jamaa akasalimia, akaulizwa mgongo una muda gani, akapewa miadi. Akafika kwa saa yake, kabla ya wote.

Siku mama fizio alipokuwa na homa, tulimwomba Mzee atuongoze yeye, maana yale mazoezi alikuwa ameyasikia mpaka anayaota. Alikataa katakata. "Mimi ni wa saa," alisema. "Wa viungo ni mama mwenyewe. Kila mtu na chake, ova."

Sasa nifike kwenye lugha yake, kwa sababu huko ndiko tulikoangukia.

Kiswahili chake kilikuwa kizuri mno, na alijua kwamba ni kizuri, hilo ndilo tatizo. Sisi wa huku bara tulikuwa tumekipata shuleni. Nyumbani kwetu ni Kigogo, na Kigogo r yake ni l. Mzee alikuwa hatupi nafasi. Ukisema "loli" alikuuliza linabeba nini, hilo loli. Wiki moja nilimwarifu kwamba mgonjwa fulani hatakuja kwa kuwa anakwenda kumpigia kura mwenyekiti wa kijiji. Nikasema, mbele ya vituo vyote, "Amekwenda kupiga kula, ova."

"Kupiga kula?" akasema Mzee. "Basi mwambie atubakizie, ova!"

Busi ikacheka. Bahi ikacheka, na kule Bahi walikuwa wanacheka watatu. Nikageuka, mganga wetu naye ameshika mlango anacheka, na akina mama wa kliniki ambao hata hawakuelewa wakacheka kwa kumwona mganga. Siku mbili nzima nilikuwa nikipita sokoni naulizwa, "Dada, umeshapiga kula?" Mtaniona mpumbavu, lakini iliniuma. Nililia chooni.

Wakati huo tulikuwa na mtoto mmoja wa miezi miwili, Nyemo, binti aliyezaliwa nyayo zake zote mbili zimepinda kwa ndani, kama mtu anayetaka kujitazama unyayo. Mama yake aliishi juu milimani, mwendo wa zaidi ya saa tatu kwa mguu, na mto katikati. Miguu ya namna ile inanyooshwa kidogo kidogo. Fizio anauvuta, anaufunga hogo, ile plasta nyeupe ngumu. Baada ya wiki hogo linatoka, anauvuta tena, anafunga jingine. Mzee alikuwa ameweka mstari mwekundu chini ya jina la Nyemo, na alikuwa hachoki kutukumbusha kwamba zamu moja ikikosekana mguu unarudi ulikotoka. "Mguu wa mtoto ni unga wa moto," alisema. "Ukipoa kabla hujausonga, umekula hasara." Nyemo alikuwa ameshafungwa mahogo matatu na nyayo zilikuwa zimefika katikati ya safari. Mama yake alikuwa anazifunua anawaonyesha watu njiani.

Redioni Mzee alikuwa hataki majina ya siku. Alikuwa na hoja: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, zote zinaanza na Juma, redio ikikoroma unabaki na Juma tu, na Juma ni jina la mtu. Tarehe nazo hakuziamini, maana kumi na saba na kumi na tisa zinafanana zikiwa mbali. Kwa hiyo alihesabu kuanzia leo: kesho, kesho kutwa, na kuendelea. Jumatatu moja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza kunguruma upande wa milima, akaniita.

"Binti Kibakwe, Landrova imepona. Inakuja kwako mtondogoo. Mama Nyemo aje asubuhi, hogo la nne, mtondogoo. Umenipata, ova?"

Mtondo nililijua, tulifundishwa darasa la tano: siku inayofuata kesho kutwa. Hiyo goo iliyofuata nyuma sikuijua. Redio yetu ilikuwa na tabia ya kuguna mwisho wa sentensi, gruu, groo, basi nikadhani ni yenyewe. Ila alikuwa amelisema mara mbili, na mara zote mbili redio iliguna vilevile. Moyo ukasita. Nilifungua mdomo niseme, "Rudia, mzee, mtondo au mtondo nini?" Nikaiona Busi inasikiliza. Nikaiona Bahi, wale watatu. Nikakumbuka kula.

"Nimekupata, ova," nikasema.

Nikamtuma katekista aliyekuwa anapanda huko juu: Mama Nyemo aje Alhamisi. Siku ya tatu. Jumatano jioni mama yule akamlowesha mtoto miguu kwenye karai, akayabandua mahogo, kama tulivyomfundisha, ili fizio asipoteze muda. Alhamisi asubuhi alikuwa kwetu, ametota mpaka magotini kwa kuvuka mto, mtoto mgongoni, nyayo wazi. Tukakaa. Saa nne. Saa sita. Nilijaribu redio, lakini nje ya saa zake Dodoma haikuwa na mtu kwenye maiki. Saa tisa mawingu yakawa meusi.

"Lala hapa," nikamwambia. "Huenda wamekwamia njiani, watafika kesho."

"Nimemwacha mama mkwe, hajiwezi," akasema. "Hata maji hawezi kujichotea. Mto ukijaa nani atamtazama?" Akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka.

Ijumaa asubuhi betri haikuamka, sola haikuwa imeona jua; saa tatu Landrova ikaingia. Nilipoisikia nilijua kabla haijazimwa. Mama fizio akashuka na ndoo yake ya plasta, akauliza Nyemo yuko wapi. Nikasema walikuja jana wakaondoka. Akanitazama.

"Jana kwa nini? Mzee si alisema mtondogoo? Nilikuwa nimesimama pembeni yake."

Hapo ndipo nilipolisikia neno lile kwa mdomo wa mtu, uso kwa uso, zima. Lilikuwa neno. Na lilikuwa na siku yake.

Nikasema, "Kwetu ilifika mtondo." Angalieni nilivyoyachagua maneno. Sikusema uongo. Nilisema ilifika, basi, kama barua iliyochanika njiani na mimi simo.

Tulimtuma kijana na baiskeli amfuate, akarudi amelowa, mto hauvukiki. Mama fizio alisubiri mpaka saa nane, akaondoka. Usiku huo mvua ikashuka, barabara ya milimani ikakatika, na Landrova haikupanda tena kwa zaidi ya wiki tatu. Nyemo alipofungwa hogo lingine nyayo zilikuwa zimerudi kulekule zilikoanzia. Mama yake safari hii hakuzifunua kwa mtu.

Jumatatu ile iliyofuata Mzee aliniita mapema kuliko kawaida. Kwa mara ya kwanza hakudai salamu. "Binti Kibakwe," akasema, "nimefikiri sana. Itakuwa niliachia kitufe mapema, goo ikabaki mkononi mwangu. Kosa ni langu. Umenipata, ova?"

Nilikuwa na maiki mkononi. Kitufe kilikuwa chini ya kidole changu. Nikasema nimekupata.

Tangu siku hiyo mtondogoo haikusikika tena hewani, wala mtondo. Mtu aliyejivunia maneno yake kama mwingine anavyojivunia ng'ombe aliyaacha yote, akaanza kusema kama mwalimu wa chekechea: "Siku ya mnada wenu. Siku inayofuata mnada wenu." Na akaweka sheria: hakuna tena nimekupata. Ukipewa miadi unairudisha yote, neno kwa neno, mgonjwa nani, siku gani, saa ngapi, na yeye anasikiliza. "Nirudishie," alikuwa anasema. Bahi walilalamika kwamba ni utoto. Aliwaambia bora utoto kuliko kilema. Wala hakumcheka tena mtu yeyote redioni. Siku moja kwa makusudi nilisema loli, nione. Akapita kama hakusikia.

Kisha akaja. Mwenye hofu ya kona, juu ya lori la vitunguu, amejifunga kitambaa mdomoni. Ndipo nilipoiona sura: mtu mfupi, mwembamba, kofia ya kitambaa, saa kubwa iliyomzunguka mkono mara moja na nusu. Nilikuwa nimemtengeneza mrefu kichwani mwangu. Akataka kupelekwa kwa Mama Nyemo, kwa miguu, na akaomba nimpe kitu cha kubeba mgongoni chenye uzito wa mtoto. Tulicheka, tukampa kibuyu kikubwa cha maji. Mzee mzima akafungwa kibuyu na kanga, akapanda mlima anatazama saa, na wanawake waliokuwa mashambani wakamshangilia kwa vigelegele. Alipumzika mara saba. Pale mtoni alisimama muda mrefu, akaandika kitu kwenye karatasi.

Nyumbani kwa Mama Nyemo alivua kofia. "Mama," akasema, "nimekuja kukuomba radhi. Siku ile ulikuja kwa saa yako, sisi ndio hatukuja. Mimi ndiye niliyepeleka neno vibaya."

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kando yake. Mama Nyemo akanitazama mimi, labda kwa kuwa ndimi aliyenizoea, akasema, "Baba, mvua haina mwenyewe. Kunywa uji." Nikanywa uji wao. Wallahi sijapata kunywa kitu kichungu kama ule uji, na ulikuwa na sukari.

Baadaye mwaka huo nilikwenda Dodoma semina, nikaingia kliniki yao yeye akiwa ametoka, amechelewa kama kawaida. Daftari la kaunta lilikuwa mezani. Nililifunua, sitasema uongo. Nikaitafuta siku ile. "Kibakwe, mtoto wa nyayo mbili, hogo la nne. Hakufikiwa." Na kwenye safu ya sababu, pale alipokuwa anaandika mto, lori, palizi, alikuwa ameandika neno moja: "Mimi." Kalamu ilikuwa juu ya meza. Ningeweza hata kulikata. Nikalifunga daftari nikaketi kumsubiri.

Miaka ikapita. Wafadhili wakaleta kompyuta ya kupangia miadi. Mzee aliifunika kitambaa cha kufuma akaweka daftari juu yake, akasema ni meza nzuri. Redio za upepo zikaanza kunyamaza moja moja, simu za mkononi zikaja, na yeye akastaafu. Nyemo alifungwa mahogo kumi na moja kwa jumla. Mguu wa kulia ukanyooka kabisa. Wa kushoto ulibaki unaingia ndani kidogo, ukimtazama anatembea unaona kisigino kinachelewa. Anakimbia, anacheza rede, anachota maji. Lakini unaona.

Alipomaliza darasa la saba akachaguliwa sekondari mjini, na mama yake akaniomba nimpeleke mimi, maana nilikuwa na safari. Ndipo nikamwambia Nyemo, kabla ya shule kuna mtu tunampitia.

Mzee wa Miadi alikuwa anaishi Chang'ombe, chumba cha uani, nyuma ya duka la mwanawe lililouza sabuni na vocha. Tulimkuta kwenye kiti cha kamba, redio ndogo ameibana sikioni, na sauti yake iko juu mpaka barabarani. Masikio yalikuwa yamekwisha. Tukaamkia kwa kupaza sauti. Akanijua kwa kunitazama mdomo nadhani, si kwa masikio.

"Binti Kibakwe! Na huyu?"

"Nyemo!" nikapiga kelele. "Wa mahogo!"

Akamtazama miguu kabla ya uso, ndivyo alivyokuwa siku zote. Akamwambia atembee mpaka kwenye pipa la maji na arudi. Nyemo akatembea, anaona haya. Mzee akafuata kile kisigino cha kushoto kwenda na kurudi, akatikisa kichwa. "Huo wa kushoto," akasema. "Huo ni wangu."

Nilikuwa nimepanga kumwambia siku moja, polepole, tukiwa wawili. Sasa alikuwa kiziwi, na uani palikuwa na wanawake wawili wanafua, na dirisha la duka lilikuwa wazi, na Nyemo alikuwa amesimama hapohapo. Nikamwinamia sikioni.

"Mzee, siku ile hukuachia kitufe."

"Eh?"

"Hukuachia kitufe!"

"Rudia!"

Basi nikapiga yowe. "Hukuachia kitufe, mzee! Mtondogoo ilifika yote! Mimi ndiye sikujua maana yake! Niliogopa kuuliza, nikasema nimekupata! Kosa ni langu, si lako!"

Wanawake wakaacha kufua. Mtu aliyekuwa ananunua sabuni akachungulia dirishani. Sikuthubutu kumtazama Nyemo. Mzee akaizima redio yake, akaiweka mapajani.

"Nimekupata," akasema.

Na mimi, kati ya watu wote, ningeliaminije neno hilo? Machozi yalikuwa yananitoka. Nikamwambia, "Nirudishie, mzee."

Akakohoa, kama alivyokuwa akikohoa saa mbili na nusu. Akaongea kwa ile sauti ya redioni, polepole, neno kwa neno. "Neno lilifika lote. Binti Kibakwe hakujua maana ya mtondogoo. Aliogopa kuuliza, kwa sababu wiki moja kabla Mzee wa Miadi alimcheka mbele ya vituo vitatu." Akamalizia: "Ova."

Lile la kunicheka sikulisema mimi. Sikuwa nimelisema kwa mtu yeyote.

Nikageuka. Nyemo alikuwa ananitazama, si kwa hasira, wala si kwa kusamehe, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa mwandiko mgumu. Kisha akamgeukia Mzee, akasogea karibu na sikio lake.

"Babu," akasema kwa sauti, "kwani mtondogoo ni siku gani?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa anafua akacheka. Mzee hakucheka. Aliushika mkono wa Nyemo, akaufungua, akakunja kidole kimoja kimoja. "Kesho. Kesho kutwa. Mtondo. Mtondogoo. Siku ya nne kutoka leo. Nirudishie."

Nyemo akarudisha, anakunja vidole. Mimi nami nikakunja vyangu, nikihesabu pamoja naye.